Makundi ya Uhumanisti Kitale na Bungoma: Haki Zake, Wajibu Wake na Nafasi Yake kwa Majirani

Mkutano wa wadi hapa kwetu huanza kwa maombi. Pasta au imamu aliyepo huombwa asimame, watu huinamisha vichwa, kisha ajenda husomwa. Kwa wakazi wengi wa Trans Nzoia na majirani zetu wa Bungoma, hilo ni jambo la kawaida kama kusalimiana. Lakini katika ukumbi huohuo anaweza kuwepo mkazi asiye na dini. Naye ameletwa na mambo yaliyomleta jirani yake: barabara ya kijiji, dawa katika zahanati, basari ya mtoto. Akitambulika, huenda akaulizwa maswali makali. Wewe ni muabudu shetani? Kundi lenu limeruhusiwa na nani?

Makala haya yanaeleza uhumanisti ni nini, makundi yake hufanya nini, sheria inayapa haki gani na inayadai nini. Serikali haipigii debe imani yoyote, wala haiwapigii debe wasioamini. Kazi ya jarida hili ni kumpa mwananchi habari sahihi ili asimnyime mwenzake haki kwa kutojua, na asinyimwe yake.

Uhumanisti ni nini?

Uhumanisti ni mtazamo wa maisha unaoweka utu mbele. Mhumanisti husema kwamba wema na ubaya tunaweza kuupima kwa akili, kwa huruma na kwa matokeo ya matendo yetu kwa wengine, bila kutegemea amri kutoka kwa Mungu au mizimu. Wahumanisti wengi hawaamini kwamba Mungu yupo, na wengine husema hawajui. Hawana kitabu kitakatifu, hawana makasisi, wala hawaabudu chochote. Anayeabudu shetani lazima kwanza aamini kwamba shetani yupo, na mhumanisti haamini hivyo.

Makundi ya nchi mbalimbali yaliungana mjini Amsterdam mwaka 1952 na kutoa tamko la pamoja kuhusu misingi yao. Tamko hilo limehuishwa mara kadhaa, mara ya karibuni ikiwa mwaka 2022 mjini Glasgow. Linasisitiza heshima ya kila mtu, haki za binadamu, demokrasia na matumizi ya sayansi kwa manufaa ya watu.

Nchini Kenya wasio na dini ni wachache. Katika sensa ya mwaka 2019, watu 755,750 waliandikishwa kuwa hawana dini, yaani chini ya watu 2 katika kila 100. Si wote hao wanaojiita wahumanisti, na wengi hawamo katika kundi lolote. Lakini idadi hiyo inaonyesha kwamba si watu wa kuhesabika kwa vidole.

Wanapokutana hufanya nini?

Anayekwenda kanisani au msikitini hapati ibada tu. Hupata watu. Akiugua hutembelewa, akifiwa huchangiwa, mtoto wake akikosa karo hutafutiwa njia. Mtu akiacha dini, mara nyingi huachwa na mtandao huo wote kwa siku moja. Hii ndiyo sababu kubwa inayowafanya wasio na dini kuanzisha kundi lao.

Tuchukue mfano wa watu 12 wanaokutana mjini Kitale mara moja kwa mwezi. Miongoni mwao wamo mwalimu, fundi wa cherehani, mkulima wa mahindi kutoka Kiminini na mwanafunzi anayesafiri kutoka Bungoma. Hukaa, hunywa chai na kuzungumza kuhusu jambo walilochagua: malezi ya watoto, chanjo, au namna ya kuishi na wazazi waliokasirika. Huweka akiba na kukopeshana kama chama kingine chochote. Huwa na mfuko wa dharura wa ugonjwa na matanga. Siku nyingine hupanda miti au kusaidia kusafisha soko. Mtu akipita nje ya mlango, hataona tofauti kati yao na kundi la akina mama au la vijana.

Ng'ambo ya Mlima Elgon, nchini Uganda, wahumanisti wamekwenda mbali zaidi. Wameanzisha shule, zikiwemo Isaac Newton huko Masaka, Mustard Seed huko Kamuli, na Shule ya Kihumanisti ya Kasese iliyofunguliwa mwaka 2011. Shule hizo hupokea watoto wa dini zote na wasio na dini. Ni mfano wa karibu wa jinsi makundi ya namna hii yanavyoweza kuihudumia jamii nzima.

Katiba inasema nini?

Utangulizi wa Katiba yetu ya mwaka 2010 unatambua ukuu wa Mwenyezi Mungu. Kisha Kifungu cha 8 kinasema kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Mambo haya mawili yamo katika kitabu kimoja, na mwananchi anapaswa kuyasoma pamoja.

Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Kinasema pia kwamba mtu hawezi kunyimwa kuingia katika taasisi, kupata kazi au huduma, au kufurahia haki yoyote kwa sababu ya imani au dini yake. Na hakuna anayeweza kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, dhamiri au imani.

Kwa lugha ya kila siku: karani wa basari hana ruhusa ya kumwondoa mwanafunzi kwenye orodha kwa kuwa familia yake haiendi kanisani. Muuguzi hawezi kumkawiza mgonjwa kwa sababu hiyo. Maombi yakifanywa katika mkutano wa wadi, mkazi asiyeomba anaweza kukaa kimya kwa heshima, na hatatolewa nje. Naye hana haki ya kuwazomea wanaoomba.

Kifungu cha 36 kinampa kila mtu haki ya kuunda chama cha aina yoyote au kujiunga nacho. Kinaongeza kwamba usajili usikataliwe wala kufutwa bila sababu ya haki, na kwamba chama kisikilizwe kabla ya kufutiwa usajili.

Haki hiyo imewahi kujaribiwa. Chama cha Atheists in Kenya Society kilisajiliwa mwezi wa Februari 2016. Viongozi wa dini walilalamika, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa. Chama kikaenda mahakamani na baadaye kikaendelea na shughuli zake. Ombi jingine la kutaka kifutwe lilifikishwa Mahakama Kuu na kutupiliwa mbali mapema mwaka 2025. Kwa hiyo anayeuliza "mmeruhusiwa na nani" ana jibu: Katiba.

Historia ya kwetu

Eneo hili lina sababu yake lenyewe ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Wazee wa Kimilili, Malakisi na mashamba ya Kitale wanaikumbuka Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde. Serikali ya kikoloni iliona vuguvugu hilo kuwa hatari. Mwezi wa Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa watu huko Malakisi na watu wakafa. Mwaka huohuo dini hiyo ikapigwa marufuku, na Masinde akawekwa kizuizini mbali na nyumbani, ikiwemo Lamu. Alirudi uhuru ulipokaribia. Dini yake ikaruhusiwa kwa muda mfupi baada ya uhuru, kisha ikapigwa marufuku tena mwaka 1968. Masinde aliaga dunia mwaka 1987.

Mambo mengi yalikuwa yamechanganyika humo: ardhi, kodi, kazi ya kulazimishwa. Lakini kwa muumini wa kawaida aliyekuwa kibarua katika shamba la mzungu, marufuku ilimaanisha kwamba kuomba kwa namna ya babu zake kulikuwa kosa la jinai. Jamii iliyopitia hayo inajua gharama ya serikali kuamua mtu aamini nini.

Mfano mwingine unatoka katika Kanisa la Friends, yaani Quaker, lenye waumini wengi Bungoma. Kwa desturi yao ya tangu karne ya 17 huko Uingereza, Quaker hawaapi, kwa sababu neno la mtu linapaswa kuwa kweli siku zote. Walifungwa jela kwa ajili ya msimamo huo. Leo Sheria ya Viapo na Matamko (Sura ya 15) inamruhusu mtu anayepinga kuapa kutoa ahadi ya dhati ya kusema kweli, nayo ina nguvu sawa na kiapo. Sheria hiyo inataja watu wa aina mbili: ambaye dini yake inamkataza kuapa, na ambaye hana dini. Quaker wa Lugulu na mhumanisti wa Kitale wanaingia mahakamani kwa mlango mmoja.

Mipaka iko wapi?

Uhuru wa kuamini au kutoamini haumpi mtu ruhusa ya kuumiza wengine. Mwezi wa Aprili 2023 nchi nzima ilishtushwa na habari za msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Tangu hapo wananchi wana haki ya kuwa macho kuhusu kundi lolote linalokutana kwa siri, linalowazuia watoto kwenda shule au wagonjwa kwenda hospitali.

Uangalifu huo uelekezwe kwenye matendo. Ukiona mtoto anatunzwa vibaya, mtu amezuiliwa, au fedha za wanachama zinaporwa, toa taarifa kwa chifu au kituo cha polisi, awe anayehusika ni mchungaji, mganga au mhumanisti. Kutoomba kwenyewe si kosa la kuripotiwa.

Wahumanisti nao wana mipaka. Kifungu cha 33 cha Katiba hakilindi uchochezi wala matamshi ya chuki. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63) inafanya kuwa kosa kuvuruga ibada, na kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Kuijadili dini, kuihoji na kueleza kwa nini umeiacha kunaruhusiwa. Kusimama nje ya lango la kanisa ukiwatukana waumini ni jambo jingine.

Kutetea wanyonge: kazi inayowahusu wote

Sehemu ya kazi za makundi haya inayoonekana zaidi na majirani ni utetezi wa haki. Hapa mambo manne yanagusa maisha ya watu wetu moja kwa moja.

*Wazee wanaoshukiwa uchawi.* Mwezi wa Oktoba 2021, wanawake 4 wazee waliuawa kwa kuchomwa katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, baada ya kuitwa wachawi. Shaka kama hiyo huanza na maneno madogo: mtoto ameugua, ng'ombe amekufa, na mama mkongwe anaishi peke yake. Mara nyingi nyuma yake kuna shamba linalotamaniwa na ndugu. Chini ya Sheria ya Uchawi (Sura ya 67), kumshutumu mtu hadharani kwamba ni mchawi ni kosa. Mwenye malalamiko anapaswa kuyapeleka kwa polisi, chifu au afisa mwingine wa serikali. Wahumanisti hulikabili jambo hili kwa kueleza magonjwa kwa njia ya sayansi. Wachungaji na maimamu wana nafasi ya kulikabili pia, kwa sauti inayosikika mbali zaidi.

*Wajane na mirathi.* Mume akifa, shemeji hawana ruhusa ya kugawa shamba chini ya mti siku ya tatu. Sheria ya Urithi (Sura ya 160) inamtambua mjane na watoto wote, wa kike na wa kiume. Kifungu cha 45 kinafanya kuwa kosa kuchukua, kuuza au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Mjane huanza kwa kupata cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, kisha hufungua kesi ya mirathi. Mahakama za Kitale na Bungoma husikiliza kesi hizo. Kundi linaweza kumsaidia kwa jambo dogo lakini la maana: kumsindikiza ofisini, kumlipia nauli, kumsomea fomu.

*Ukeketaji.* Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 inatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua Sh200,000. Anayepanga, anayesaidia na anayejua akanyamaza wote wanaweza kushtakiwa. Piga simu 116 kwa masuala ya watoto, au 1195 kwa dhuluma za kijinsia. Simu zote mbili ni za bure.

*Bajeti ya kaunti.* Haki nyingine hupotea kwa sababu hakuna aliyehudhuria mkutano. Kila mwaka Mpango wa Maendeleo huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, Mkakati wa Fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya kila hatua wananchi hualikwa kutoa maoni. Kundi lolote linaweza kuleta maoni yaliyoandikwa, na mkazi yeyote anaweza kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti kupitia kwa karani. Maoni hupimwa kwa uzito wa hoja na mahitaji ya wakazi. Fomu haiulizi dini.

Siku ya ndoa na siku ya msiba

Wasio na dini huulizwa mara nyingi: mtaoana wapi, na atawazika nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya kiserikali inayofungwa na msajili baada ya ilani ya siku 21. Wanandoa hupata cheti chenye nguvu sawa na cha ndoa ya kanisani.

Msiba ni mgumu zaidi, kwa kuwa aliyekufa hawezi kujisemea. Sheria inadai kifo kiandikishwe na kibali cha mazishi kipatikane, haidai ibada. Kwa hivyo familia inaweza kumzika mpendwa wao kwa hotuba, nyimbo na kumbukumbu. Wabukusu wana mfano wa kale wa maneno ya aina hiyo. Mzee wa heshima anapozikwa, huandaliwa kumuse, ambapo omuswala kumuse huwafariji wafiwa na kuwakumbusha wanaukoo namna ya kuishi kwa amani. Mambo hayo yalikuwepo kabla ya makanisa kufika.

Ugomvi mwingi wa matanga huzuka kwa sababu marehemu hakusema mapema alitaka nini. Mama ni muumini, mtoto hakuwa, na kila upande unavuta jeneza. Ushauri wetu kwa kila mkazi, mwenye dini na asiye nayo: andika matakwa yako, weka shahidi, na uwaambie watu wa nyumbani ungali hai.

Namna ya kusajili kundi

Makundi ya kusaidiana na kuinua maisha husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya mwaka 2022. Hatua zake ni hizi:

1. Pateni wanachama wasiopungua 10 wenye vitambulisho.
2. Fanyeni mkutano, mchague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mwandike kumbukumbu za mkutano huo.
3. Andikeni katiba ya kundi: jina, madhumuni, namna ya kuingia na kutoka, michango, na namna ya kutatua migogoro.
4. Pelekeni nakala katika ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo yenu pamoja na orodha ya wanachama.
5. Mkipata cheti, kumbukeni kukihuisha kila baada ya miaka 2.

Kundi linalotaka kuwa chama cha kueneza mtazamo wake, kama yafanyavyo makanisa, hupeleka ombi kwa Msajili wa Vyama chini ya Sheria ya Vyama (Sura ya 108). Mkiamua kufanya mkutano wa hadhara au maandamano, mfahamisheni OCS wa eneo lenu kwa maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe.

Ombi lenu likikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinawapa haki hiyo. Msiposikizwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Utawala wa Haki au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Kwa majirani

Huhitaji kukubaliana na mhumanisti ili kuchimba naye mtaro mmoja. Mvua ikinyesha na daraja la kijiji likasombwa na maji, mtoto wake na wako watakosa shule siku ileile. Mkutano ujao wa wadi ukiitishwa, nenda. Ukimwona mtu hakufumba macho wakati wa maombi, mwachie nafasi kwenye benchi, msikilizane zamu ya kutoa maoni ikifika.